Malakiti ya Kolwezi na Kazi ya Kuing'arisha

Malakiti ni jiwe la kijani lililojaa shaba. Katika kila gramu 100 za malakiti safi, takriban 57 ni shaba tupu. Zilizobaki ni kaboni, oksijeni na hidrojeni. Kwa sababu hiyo Kolwezi, mji mkuu wa jimbo la Lualaba nchini Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo tangu 2015, watu wengi hulipima jiwe hili kwa kilo na kwa asilimia, mawazo yao yakiwa kwenye tanuri. Mafundi wachache hulipima kwa jicho. Hao hulikata, hulisugua kwa misasa ya namba mbalimbali, kisha huling'arisha mpaka taswira ya dirisha ionekane juu yake. Kazi yao ndiyo inayoelezwa hapa.

Jiwe hilo huzaliwa karibu na uso wa ardhi. Kule chini, miamba ya Lualaba hubeba shaba iliyoshikamana na salfa. Maji ya mvua yakipenya kutoka juu huilegeza shaba hiyo, huichukua, na kuiacha ndani ya nyufa na mashimo ya mwamba wa dolomaiti, ambako kaboneti haina uhaba. Humo malakiti hujijenga tabaka juu ya tabaka, polepole, kama ukoko katika sufuria ya bukari (ugali). Tabaka lenye fuwele ndogo sana huonekana jepesi, karibu na rangi ya jani changa la mgomba. Lenye fuwele kubwa huwa zito na la giza. Ndiyo asili ya mistari inayoifanya malakiti ijulikane hata na mtu asiyejua jina lake. Mahali pengine jiwe limening'inia kutoka darini mwa pango dogo kama mshumaa unaochuruzika. Mshumaa huo ukikatwa kwa upana, kama kitunguu, hutoa duara ndani ya duara, na mafundi huliita jicho. Ukikatwa kwa urefu hutoa mistari tu. Kipande kilekile, bei mbili.

Mgodi ukizidi kushuka, kijani hupungua, na chini kabisa hukutwa mawe ya salfa ambayo hayamfai mchongaji. Mashimo makubwa yanayozunguka mji, kama Musonoi, Kamoto na Dikuluwe, yote yalianza na rangi hiyo juu. Kolwezi umeacha jina lake hata katika orodha ya madini ya dunia: kolweziti, kaboneti ya shaba na kobalti iliyo ndugu wa malakiti, ilielezwa na wataalamu mwaka 1980 kutokana na vipande vya Musonoi.

Wenyeji waliitumia malakiti karne nyingi kabla ya kampuni yoyote. Basanga na majirani zao waliichimba wakati wa kiangazi, mavuno yakiwa yamekwisha, wakaiyeyusha kwa makaa na mivukuto, wakapata mukuba, yaani shaba, na kuumimina katika umbo la msalaba. Askofu Jean-Félix de Hemptinne aliandika juu yao mwaka 1926 kwa jina walilojulikana nalo, walaji wa shaba. Kwao jiwe la kijani lilikuwa chakula cha tanuri. Soko la malakiti iliyong'arishwa, yaani mayai, shanga, visanduku, sahani za majivu na vishikio vya kalamu, lilisimama juu ya wageni: wahandisi, wamisionari, marubani, na baadaye kila aliyepita uwanja wa ndege na fedha kidogo mfukoni.

Kijana wa miaka 14 aliyeingia karakana ya namna hiyo mtaani Manika, mwanzoni mwa miaka ya 1990, ndiye anayeandika haya. Ilikuwa miaka ya mishahara ya migodini kuchelewa, na nyumba nyingi zilikuwa zikitafuta namna ya pili ya kupata unga. Karakana yenyewe ilikuwa banda la mabati lenye mota moja ya umeme iliyong'olewa kwenye mashine kuukuu, mabeseni matatu ya maji, na dirisha moja lililotazama mashariki. Mzee aliyeimiliki aliitwa Papa na kila mtu, hata na wateja waliomzidi umri. Alikuwa mchache wa maneno, na karibu yote aliyoyafundisha aliyafundisha kwa kurudisha kazi.

Kazi huanza kwa kuchagua. Jiwe hugongwa kidogo kwa ukucha wa chuma: zima hulia, lenye ufa hujibu kwa sauti iliyoziba. Kisha huloweshwa na kuachwa likauke hewani. Uso mzima ukishakauka, ufa hubaki na mstari wa unyevu kwa muda, na mstari huo huonyesha mahali ambapo jiwe litafunguka siku litakapokuwa limebakiza saa moja kukamilika. Wanafunzi hawapendi hatua hii kwa sababu haionekani kuwa kazi. Kijana wa Manika aliiruka mara mbili, na mara zote mbili yai lilipasuka mkononi likiwa tayari na umbo. Malakiti nyingi ya Kolwezi pia imechanganyika na krisokola, jiwe la samawati linalotofautiana nayo kwa ugumu, au na madoa meusi ya madini ya kobalti. Mchanganyiko huo ni mzuri kwa macho na mgumu kwa mkono, kwani msasa hula sehemu laini upesi na kuiacha ngumu imesimama kama mfupa.

Baada ya kuchagua huja kukata, kwa msumeno wa duara wenye chembe za almasi na maji yanayotiririka, na kuchonga umbo kwenye jiwe la kunolea. Hapa hakuna mengi ya kusema. Mtu mwenye mkono mtulivu hujifunza kutoa umbo la yai kwa wiki chache. Yai la malakiti lenye ukubwa wa yai la kuku huwa na takriban gramu 200, zaidi ya mara tatu ya lile la kuku, na uzito huo ndio unaomshangaza mnunuzi anapolishika kwa mara ya kwanza.

Ugumu wa madini hupimwa kwa kipimo alichokitunga Friedrich Mohs mwaka 1812, kuanzia 1 hadi 10. Malakiti iko kati ya 3.5 na 4. Kisu cha kawaida kina karibu 5.5, kwatzi ina 7, almasi ina 10. Maana yake ni kwamba malakiti huchongeka bila taabu, na kwa sababu hiyohiyo huharibika bila taabu. Vumbi la barabara lina chembe za kwatzi. Kolwezi wakati wa kiangazi, malori ya migodi yakipita, vumbi hilo huingia kila mahali: kwenye nywele, kwenye chai, kwenye beseni la maji safi. Chembe moja ikinaswa kati ya jiwe na kitambaa cha kung'arishia huchora mstari unaomrudisha fundi hatua tatu nyuma. Ndiyo maana katika karakana ile mlango ulifungwa hata kwenye joto, na hakuna aliyeruhusiwa kushika jiwe la hatua ya mwisho kabla ya kunawa hadi kwenye viwiko. Mtoto aliyetumwa kuleta maji akirudi na ndoo isiyo na kifuniko, maji hayo yalimwagiwa mchicha.

Msasa wenyewe una historia inayopendeza katika Kiswahili. Kabla ya kuwa karatasi ya dukani, msasa ni mti, aina ya mkuyu wenye majani yanayokwaruza kama ulimi wa ng'ombe, ambao wataalamu wa mimea wanauita Ficus exasperata. Mafundi wa mbao walitumia majani hayo kulainishia kazi zao, na lugha ikahamisha jina kutoka jani hadi karatasi. Kolwezi wengi huiita karatasi hiyo kwa jina lake la Kifaransa. Kwa malakiti hutumika msasa wa maji, ule mweusi ambao mafundi wa kupaka rangi magari wanaujua, wenye chembe za silikoni kabaidi zilizogandishwa kwenye karatasi isiyooza haraka.

Namba iliyo mgongoni mwa msasa huenda kinyume na mazoea: namba ikipanda, chembe hushuka. Kwa kipimo kinachotumika Ulaya, msasa wa 120 una chembe za wastani wa mikroni 125, yaani sehemu ya nane ya milimita. Wa 240 una mikroni zipatazo 58, wa 400 una 35, wa 600 una 26, wa 1000 una 18, na wa 2000 una 10. Unywele wa binadamu una unene wa mikroni 70 hivi. Kila msasa huacha mikwaruzo inayolingana na chembe zake, na kazi ya unaofuata ni moja tu: kuondoa mikwaruzo ya uliotangulia na kuacha yake mwenyewe iliyo midogo zaidi. Kusugua, kwa hiyo, si kulifanya jiwe liwe laini. Ni kubadilisha mikwaruzo mikubwa kwa midogo, kwa zamu, bila kuruka.

Kuruka ndilo kosa ambalo kila mwanafunzi hulifanya. Msasa wa 240 ulikuwa umekwisha siku moja, na kijana akatoka kwenye 120 moja kwa moja hadi 600. Alisugua yai lake tangu asubuhi hadi adhana ya alasiri, maji yakitiririka, na jiwe likametameta mkononi mwake kama kioo. Akaliinua.

"Papa, imeisha."

"Ikaushe."

Akaikausha kwa kitambaa.

"Peleka dirishani, mwana. Igeuze."

Pale dirishani, mwanga wa pembeni ulipolala juu ya jiwe, mikwaruzo ya 120 ikaonekana yote, mirefu, imelala sambamba kama matuta ya shamba. Msasa wa 600 ulikuwa umeyalainisha matuta juu na kuacha mifereji palepale ilipokuwa. Papa hakusema zaidi. Alimnyooshea msasa wa 120 uliotumika nusu, na kazi ikaanza upya.

Mambo mawili yalijulikana siku hiyo, na mafundi wa kila mahali huyarudia. La kwanza ni kwamba maji hudanganya. Jiwe lililolowa hung'aa kwa sababu maji yamejaza mifereji na kuufanya uso kuwa tambarare. Hukumu hutolewa juu ya jiwe kavu, chini ya mwanga unaotoka upande mmoja. La pili ni kubadilisha mwelekeo. Msasa wa kwanza ukipita kutoka kaskazini kwenda kusini, unaofuata hupita mashariki kwenda magharibi. Mikwaruzo ya zamani hapo huonekana ikikatiza mipya, na ikishatoweka yote fundi anajua bila kukisia kuwa amemaliza hatua. Wengine huchora mistari ya penseli juu ya uso na kusugua mpaka penseli ifutike. Kwenye uso bapa njia hiyo ni nzuri. Juu ya yai huwa haina faida kubwa, maana mkono hugeuka kila wakati. Kati ya msasa na msasa jiwe huoshwa, mikono huoshwa, na maji hubadilishwa, kwa sababu chembe moja ya 120 iliyobaki ndani ya beseni la 600 inafanya kazi ya 120.

Kwa nini mikwaruzo ikipungua jiwe hung'aa? Jibu lake liko kwenye mwanga. Mwanga unaoonekana kwa macho una mawimbi ya urefu wa kati ya mikroni 0.4 na 0.7. Uso wenye mifereji mikubwa kuliko hapo huutawanya mwanga pande zote, na jicho husoma mtawanyiko huo kama ukungu mweupe unaofunika rangi. Mifereji ikishuka chini ya kipimo hicho, mwanga hurudi kwa mpangilio, kama kwenye kioo, na sehemu nyingine huingia ndani ya jiwe na kutoka na kijani chake. Ndiyo sababu rangi ya malakiti huonekana kuongezeka kadiri inavyosuguliwa, ingawa hakuna rangi iliyopakwa. Kuhusu kinachotokea hasa katika hatua ya mwisho, wanasayansi walibishana muda mrefu. Isaac Newton, katika kitabu chake cha 1704 juu ya mwanga, aliona kung'arisha ni kukwaruza kwa mikwaruzo midogo sana. Mapema karne ya 20 George Beilby alishikilia kwamba ngozi ya juu ya jiwe au chuma husogea kama kimiminika na kufunika mashimo. Fundi wa Manika angewapa wote wawili kitambaa cha ngozi na kuwaambia waendelee kusugua.

Hatua ya mwisho haifanywi kwa msasa. Baada ya 2000, huja unga: oksidi ya kromi, ambayo yenyewe ni ya kijani, au oksidi ya alumini, au ile ya seriamu. Unga huchanganywa na maji kidogo uwe kama uji mzito, hupakwa juu ya ngozi au kitambaa kizito cha sufu, na jiwe husuguliwa kwa mkono au kwenye gurudumu linalozunguka taratibu. Oksidi ya kromi inapendwa kwa malakiti kwa sababu mbili. Inang'arisha vizuri, na mabaki yake yakinasa ndani ya vishimo hayaonekani, kwa kuwa rangi zinafanana. Unga mweupe katika jiwe la kijani huacha vidoa kama vya chokaa. Asiyekuwa na unga hutumia dawa ya meno. Inafanya kazi, ila polepole, na banda zima hunuka minti.

Gurudumu lina hatari yake, na hiyo ni joto. Malakiti ikipashwa moto kupita nyuzi 200 hivi za Selsiasi huanza kuvunjika kikemia: hutoa maji na kaboni dioksidi, ikabaki oksidi ya shaba, ambayo ni nyeusi. Hata kabla ya kufika huko, joto la ghafla mahali pamoja hulipasua. Umeme ulikuwa ukikatika kila mara mtaani, na uliporudi kila mtu alikimbilia mota kufidia saa zilizopotea. Siku moja kijana aliukandamiza mfuniko wa kisanduku kwenye sufu iliyokauka, akitaka kumaliza kabla taa hazijazima tena. Ulisikika mlio mdogo, kama wa kijiti kikivunjika, na ufa ukatokea kutoka ukingo hadi katikati, ukipita ndani ya jicho zuri kuliko yote yaliyowahi kukatwa mwaka ule. Mfuniko huo haukuuzwa. Ulikaa juu ya rafu ya karakana na kuwekewa misumari midogo, na kila mwanafunzi aliyefuata aliuona kabla ya kuoneshwa swichi ya mota. Tangu hapo kanuni ilikuwa rahisi: jiwe likiwa moto kiasi cha kuusumbua mkono, limeshapita kiasi, na sufu lazima iwe na unyevu daima. Tukitazama hilo, sahani za majivu za malakiti, zilizouzwa kwa wingi kuliko kitu kingine, ni bidhaa ya ajabu kidogo. Jiwe linalochukia moto limepewa kazi ya kuzimia sigara.

Vumbi la kijani si la kuchezea. Lina shaba, na likivutwa huacha ladha ya chuma mdomoni, kichefuchefu na kikohozi. Mwamba ulioizunguka malakiti mara nyingi una silika, ambayo ikiingia mapafuni miaka mingi husababisha ugonjwa usioponyeka. Baadhi ya vipande vya eneo la Kolwezi, hasa vyenye ukoko wa njano au sindano za kijani angavu, hubeba madini ya urani. Musonoi inajulikana na wakusanyaji wa mawe duniani kote kwa ajili hiyo. Kinga ya kwanza ni maji, kwa kuwa vumbi lililolowa haliruki. Ya pili ni barakoa wakati wa kukata. Vijana wengi wa zamani walitegemea glasi ya maziwa jioni, wakiamini maziwa husafisha kifua. Maziwa hushuka tumboni, na vumbi liko mapafuni. Njia hizo mbili hazikutani. Tope la kijani linalobaki chini ya beseni halimwagwi bustanini, ingawa zamani lilimwagwa, na mchicha wa karakana ile ulikula mengi usiyostahili.

Jiwe likishang'aa hulindwa. Hata tindikali dhaifu huliunguza: tone la limau au siki juu ya malakiti hutoa mapovu na kuacha doa lisilo na nuru, na jasho la mkono hufanya vivyo hivyo kwa miaka. Nta nyembamba, ikipakwa na kufutwa, inatosha. Kuna wanaopaka vanishi au gundi ya plastiki juu ya jiwe lililosuguliwa hadi 400 tu na kuliuza kama lililokamilika. Hung'aa dukani. Baada ya mwaka vanishi hugeuka njano, hubanduka pembeni, na chini yake mikwaruzo inasubiri. Kujaza mashimo kwa unga wa malakiti uliochanganywa na gundi ni jambo jingine na si aibu, almradi mnunuzi aambiwe. Mafundi wa Urusi walifanya hivyo kwa ajili ya wafalme. Ukumbi wa Malakiti katika Kasri la Majira ya Baridi la Saint Petersburg, uliotengenezwa baada ya moto wa 1837, una nguzo zinazoonekana kuwa za jiwe zima, kumbe ni vipande vyembamba vya malakiti ya milima ya Ural vilivyobandikwa juu ya mwili mwingine na kuzibwa viungo kwa unga wa jiwe lilelile. Malakiti ya Ural ilikwisha kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo Kongo ndiyo inayolijaza soko la dunia.

Jiwe hilo limefika hata mahali ambapo kila mpenda mpira ameliona bila kulitambua. Kombe la Dunia la sasa, lililobuniwa na Silvio Gazzaniga na kukabidhiwa kwa mara ya kwanza mwaka 1974, lina dhahabu juu na mikanda miwili ya malakiti kwenye kitako. Mwaka huohuo Zaire, jina la Kongo wakati huo, ilikuwa nchi ya kwanza kutoka kusini mwa Sahara kushiriki fainali hizo. Ilifungwa mabao 2 na Scotland, 9 na Yugoslavia, 3 na Brazil, ikarudi nyumbani bila kuligusa.

Tukirudi kwenye msasa, kanuni zake hazibadiliki kazi inapokuwa ya mbao. Fundi wa kalamu za kukereza hutoboa kipande kidogo cha mbao, hugundisha ndani yake mrija mwembamba wa shaba ya njano, hukifunga kwenye kerezo na kukichonga kwa patasi kikiwa kinazunguka. Mukula, mti mwekundu wa misitu ya Katanga uliokatwa ovyo kwa ajili ya soko la China, hutoa kalamu nzuri kutoka kwenye vipande ambavyo seremala angevitupa motoni, na kalamu moja haihitaji zaidi ya urefu wa kiganja. Husuguliwa kwa 150, 240, 400 na 600. Tofauti ni kwamba kalamu huzunguka, hivyo mikwaruzo yote huwa ya mviringo, kama pete. Kwa hiyo baada ya kila msasa kerezo husimamishwa, na kalamu husuguliwa kwa mkono kwa urefu, kufuata nyuzi za mti, mpaka pete zitoweke. Kisha vumbi hufutwa na msasa unaofuata hushikwa. Mbao haing'ai yenyewe kama jiwe, kwa kuwa ina matundu. Mafundi wengi hupaka matabaka membamba ya gundi kali inayokauka kwa sekunde, kumi au zaidi, na kuyasugua hayo kwa maji, kuanzia 1500 hadi 12000, kana kwamba ni jiwe. Kinachong'aa kwenye kalamu ya namna hiyo ni gundi, na mti unaonekana kupitia ndani yake. Anayependa kuugusa mti wenyewe atachagua nta, akubali mng'ao mdogo na kuirudia kila baada ya miezi.

Mnunuzi wa malakiti, sokoni Kolwezi au kwingineko, anaweza kuipima kazi kwa dakika moja. Aishike kwanza: jiwe la kweli ni zito na baridi, plastiki ni nyepesi na huchukua joto la mkono upesi. Aiangalie mistari: ya jiwe haijirudii sawasawa, ya kiwandani hujirudia. Achukue kitambaa kikavu, aifute mafuta na maji yote ambayo muuzaji ameyapaka, asogee mahali penye mwanga wa pembeni, na kuigeuza polepole. Mikwaruzo ikionekana imelala sambamba, fundi aliruka msasa, na bei ishuke. Isipoonekana, alipe bila kubishana. Yai moja lililofanywa sawasawa ni kazi ya siku mbili.